Nafuu Bila Kupona

Familia nyingi zikiambiwa mgonjwa wao ataanza tiba shufaa, husikia jambo moja tu: madaktari wamekata tamaa. Jina lenyewe linakataa. Shufaa ni uombezi, kusimama upande wa aliyelemewa.

Ulaya walilifikia wazo hili kupitia vazi. Kilatini huliita joho pallium, na humo kikazaliwa kitenzi cha kufunika kwa joho. Waingereza walipolichukua neno hilo, walilitumia kwa tiba itulizayo bila kuponya, na pia kwa lawama, yaani kufunika kosa lisionekane. Lilikaa na doa hilo kwa karne kadhaa. Huduma yenyewe kwanza ilijulikana kwa jina jingine, hospisi, yaani nyumba ya kutunza wanaokaribia kufa. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua St Christopher's Hospice jijini London, akifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa pamoja. Miaka ya 1970, daktari Balfour Mount alipoanzisha huduma kama hiyo Montreal, aliona neno hospisi halifai, maana wasemaji wa Kifaransa walilihusisha na makazi ya mafukara. Akachagua lile la joho, palliative, likaenea duniani.

Kinachofunikwa ni maumivu, na hilo ni tiba kamili. Morfini hujishika kwenye vipokezi vya ubongo na uti wa mgongo, ikazima sehemu kubwa ya taarifa za maumivu. Uvimbe unabaki, lakini mgonjwa analala, anakula, anaongea na wanawe. Wengi huogopa uraibu. Kwa mgonjwa wa saratani anayepewa dozi iliyopimwa na kufuatiliwa, usumbufu wa kila siku si uraibu bali ni kufunga choo, ndiyo maana hupewa pia dawa ya kulainisha choo.

Majirani zetu Uganda wameonyesha kuwa hili halihitaji utajiri. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa morfini ya maji: unga, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa. Mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu kuwaandikia wagonjwa morfini, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache mno.

Tiba hii haingoji siku za mwisho. Huweza kuanza sambamba na mionzi au dawa za saratani. Kama nyumbani mna mgonjwa anayekesha kwa maumivu, muulizeni daktari wake kuhusu tiba shufaa sasa.