Mwenye shanta na mtaa wa kulala

Mwanafunzi anayezuru Ulaya akiwa na shanta mgongoni na pesa za kuhesabu huulizwa na wenzake kama ana viza, tiketi na koti la baridi. Ni nadra kuulizwa atalala mtaa gani. Kwa maoni yangu, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua ataona nini. Tuutwae mji wa Berlin uwe mfano.

Vitabu vya watalii humsukuma mgeni hadi Mitte, karibu na Lango la Brandenburg na Alexanderplatz. Hapo pana mengi ya kutazama, sikatai, lakini jioni mgeni hujikuta ameketi na wageni wenzake, akila chakula cha bei ya wageni. Wala hapana haja ya kulala mlangoni pa makumbusho. Treni za mji hufika karibu kila pembe, na usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi nyingi huendelea hadi alfajiri. Nauli imegawanywa katika kanda tatu, A, B na C. Anayelala katika A au B hutumia tiketi moja kuzuru karibu kila anachokitaka, isipokuwa uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka wa 2020, ambao uko kanda ya C. Kitanda rahisi kilicho mbali mno humla mtu kwa nauli. (Vituo havina vizuizi, lakini wakaguzi wapo, na asiyekuwa na tiketi iliyopigwa muhuri hutozwa yuro 60.)

Vijana wengi hukimbilia Kreuzberg, walikoishi Waturuki walioanza kuja kufanya kazi viwandani baada ya mkataba wa 1961. Soko la ukingo wa mfereji, Maybachufer, hufanyika Jumanne na Ijumaa, na mwenye pesa chache hushiba. Lakini anayetaka usingizi atafute kwingine.

Laiti ningeombwa ushauri na mwanafunzi wa Afrika Mashariki, ningempeleka Wedding, kaskazini mwa mji. Ni mtaa wa wafanyakazi tangu zamani, usio na pambo, na hosteli zake si nyingi. Hata hivyo, akishuka katika stesheni ya Afrikanische Straße atajikuta baina ya Sansibarstraße na Ugandastraße, majina yaliyobandikwa na Wajerumani waliojivunia makoloni. Barabara moja, Petersallee, ilipewa mwaka wa 1939 jina la Carl Peters, yule aliyezunguka bara la Tanganyika mwaka wa 1884 akiwatilisha machifu saini mikataba wasiyoielewa. Mwaka wa 1986 wakuu wa mji walisema jina hilo sasa ni la Peters mwingine, mwanasheria; ujanja wa kubadili mtu bila kubadili kibao! Ilichukua miaka mingi ya ubishi, na kesi za baadhi ya wakazi, hadi Agosti 2024 kibao kilipong'olewa. Sehemu moja sasa ni Maji-Maji-Allee, ukumbusho wa vita vya 1905 hadi 1907.

Mwalimu wa historia anaweza kuifundisha barabara hiyo kwa kipindi kizima. Mwanafunzi na aifikie kwa miguu, tena Jumamosi, amalize kununua mkate mapema, kwa maana Jumapili maduka mengi ya Berlin hufungwa.