Onja kwanza, ndo uposti

Wadau, leo nawapa somo lililonila hela. Nina duka Msamala hapa Songea, naposti bidhaa kwenye status. Nilichukua chupa 6 za waini nyekundu ya Hispania, aina ya Rioja, bila kuionja.

Dada mmoja akauliza, "Ni tamu?" Nikajibu, "Tamu sana!" Kesho yake: "Kaka, umeniuzia uchungu." Kumbe kainywea na mbasa wa kukaanga. Nikamrudishia hela, nikafungua chupa moja nionje mwenyewe.

Haina sukari. Inakausha ulimi kama bibo la korosho, halafu inakuja harufu ya matunda na mbao kwa mbali. Hiyo mbao ni ya pipa: neno Crianza kwenye lebo ya Rioja maana yake imetunzwa angalau miaka 2, humo mwaka 1 ndani ya pipa la mwaloni.

Nikaijaribu na dagaa: mdomo kama nimelamba chuma. Nikajaribu na mbuzi choma mwenye mafuta: ukakasi ukapungua, nyama ikanoga.

Nikaposti upya: "Haina sukari, ina ukakasi. Nzuri na mbuzi choma au kitimoto. Samaki hapana." Zile 4 zilizobaki zikaisha, na moja kachukua dada yuleyule.

Mteja wa mtandaoni haonji, anaonja maneno yako. Mwambie na kasoro. Na kwa vileo, leseni kwanza, aliye chini ya miaka 18 usimuuzie.

Wewe, bidhaa gani unauza hujawahi kuijaribu?