Walker: jina la ukoo lililoanzia kwenye pipa la mkojo

Mashabiki wa soka ya Uingereza wanalijua jina Walker kupitia beki Kyle Walker, mzaliwa wa Sheffield. Kwa kuwa anasifika kwa kasi, wasikilizaji hutuuliza kama jina hilo lina maana ya mtu anayetembea sana. Kwa Kiingereza cha leo, mtembeaji huitwa hivyo kweli. Ila jina la ukoo lina chanzo kingine.

Katika England ya zama za kati, sufu ya kondoo ilikuwa utajiri mkubwa. Kitambaa cha sufu kikimaliza kufumwa kilikuwa bado kimelegea na kimejaa mafuta. Kilitumbukizwa kwenye pipa lenye maji, udongo maalumu na mkojo uliokaa siku kadhaa, kwa sababu mkojo wa namna hiyo una amonia inayoondoa mafuta. Kisha mtu aliingia humo miguu mitupu, akakikanyaga kwa saa nyingi mpaka nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito. Baadaye kilisuuzwa na kuwambwa kwenye fremu zenye kulabu ili kikauke.

Mkanyagaji huyo, kwa Kiingereza cha kale, aliitwa wealcere. Neno hilo ndilo lililozaa Walker, jina lililoshamiri zaidi upande wa kaskazini, kama Yorkshire. Kusini-mashariki, Kent na Sussex, fundi huyohuyo aliitwa Fuller, neno lenye asili ya Kilatini. Kusini-magharibi, Devon na Somerset, aliitwa Tucker. Majina matatu, kazi moja.

Ilikuwaje kazi ikawa jina la ukoo? Kabla ya Wanormani kuivamia England mwaka 1066, watu wengi walikuwa na jina moja tu. Watu walipoongezeka, na kumbukumbu za ardhi na kodi zikaanza kuandikwa, ilibidi John mmoja atofautishwe na mwingine: kwa jina la baba, mahali anapoishi, umbo au kazi. Kufikia mwaka 1400 hivi, familia nyingi zilikuwa zikirithisha majina hayo, hata kama mtoto hakufuata kazi ya baba. Vinu vya maji vyenye nyundo za mbao, vilivyokuwepo England tangu karne ya 12, vikaendelea kuchukua nafasi ya miguu. Kazi ikapotea, jina likabaki.

Tahadhari ni hii: wakanyagaji walikuwa wengi katika miji na vijiji vingi, hivyo Walker wawili hawalazimiki kuwa ndugu. Tena jina hili lilivuka bahari kwa njia chungu. Marekani na Karibi, Waafrika waliofanywa watumwa, pamoja na vizazi vyao, walibeba majina ya Kiingereza, mara nyingi ya waliowamiliki. Ndiyo maana Wamarekani weusi wengi wana majina kama haya, akiwemo mwandishi Alice Walker, aliyeshinda Tuzo ya Pulitzer mwaka 1983.

Mtu wa ukoo kama huo akifuata jina peke yake, anaweza kuishia kwenye shamba la bwana badala ya kwa mababu zake. Jina hutupa pa kuanzia. Undugu wenyewe huthibitishwa kwa kumbukumbu za ubatizo, ndoa na wosia, na kwa simulizi za wazee.