Mwanga na Utando wa Kahawia katika Tangi la Samaki

Chukua mfano wa tangi la lita 200 lililowekwa katika maabara ya biolojia. Chini kuna mchanga, juu yake yamepangwa mawe, na ndani wamo samaki wanane wa Ziwa Nyasa, wale wadogo wa buluu na njano wanaoitwa mbuna. Wiki mbili za kwanza maji ni maangavu. Wiki ya tatu kitu kama vumbi la kahawia kinatanda juu ya mchanga, kisha juu ya mawe, kisha kwenye vioo. Ukilipitishia kidole linatoka kirahisi. Baada ya siku mbili limerudi. Mtahini huuliza kwa ufupi: eleza chanzo cha hali hii na namna ya kuidhibiti.

Anza kwa kukitambua kiumbe chenyewe, maana hapa ndipo alama za kwanza hupotea. Wafugaji wa samaki huuita utando huu "mwani wa kahawia", na mwanafunzi akisikia hivyo huandika sifa za kundi la Phaeophyta. Hilo ni kundi jingine kabisa: mwani mkubwa wenye seli nyingi, ambao karibu wote huishi baharini. (Usichanganye pia na mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ule ni wa kundi la mwani mwekundu.) Utando wa kwenye tangi ni daiatomu, yaani viumbe vya seli moja ambavyo ukuta wao wa seli umejengwa kwa silika, katika vipande viwili vinavyofunikana kama kopo na kifuniko chake. Zina klorofili kama mimea, lakini rangi nyingine iitwayo fukozanthini huifunika na kuzipa sura ya kahawia. Tena hazihifadhi chakula kama wanga. Huhifadhi mafuta na aina nyingine ya kabohaidreti, hivyo ukizipima kwa iodini hutapata rangi ya buluu-nyeusi.

Kwa nini tangi jipya? Daiatomu huhitaji silika, nitrojeni, fosfati na mwanga. Silika huingia na maji yenyewe, na maji ya visima katika maeneo ya miamba ya volkeno huwa nayo kwa wingi. Mchanga mweupe wa kwatzi hulaumiwa mno kwa jambo hili, lakini kwatzi huyeyuka kwa kiasi kidogo sana katika joto la kawaida. Nitrojeni na fosfati hutokana na chakula na kinyesi cha samaki. Juu ya hayo, katika tangi jipya hakuna mshindani. Mawe ni matupu, mwani wa kijani haujaota, na mimea ya maji kwa kawaida haipo, kwa sababu mbuna huila au kuing'oa. Daiatomu huzaliana upesi, hivyo hufika kwanza. Silika ikipungua na viumbe wengine wakishika nafasi, utando hupungua wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki chache.

Sasa suala la mwanga. Wapo wanaoamini kwamba utando wa kahawia maana yake ni mwanga hafifu, kwa hiyo dawa ni kuongeza taa. Imani hii ina chembe ya ukweli. Fukozanthini hunasa vizuri mwanga wa buluu na wa kijani, ambao ndio hupenya mbali zaidi majini, na ndiyo maana daiatomu huweza kuishi mahali penye mwanga mdogo ambapo mwani wa kijani husuasua. Lakini kuweza kuishi kwenye mwanga mdogo si sawa na kuuawa na mwanga mwingi. Ukiongeza taa, daiatomu zitaendelea na usanisinuru wao, na mwani wa kijani utaota juu yake. Hapa ndipo kanuni ya kigezo kikomo inapotumika: kasi ya ukuaji hutawaliwa na kile kinachopungua zaidi kulingana na mahitaji. Kama mwanga tayari unatosha, ukiuongeza hubadilishi kitu kwa daiatomu.

Kinachofaa ni mwanga wa wastani usiobadilika, kama saa 8 kwa siku, ukiwashwa na kuzimwa kwa swichi yenye saa ili mikono isisahau. Tangi lisikae dirishani. Jua la moja kwa moja huyapasha maji joto na kuuchochea mwani wa kijani kupita kiasi. Kidogo cha huo wa kijani juu ya mawe, hata hivyo, si adui. Ziwani mbuna hukwangua miamba na kula utando wa mwani, daiatomu zikiwemo, pamoja na viumbe vidogo vilivyomo. Utumbo wao mrefu ni ushahidi wa mlo huo. Kusugua kila jiwe hadi ling'ae ni kuwanyang'anya malisho.

Hatari kubwa iko kwingine. Mtu akichukizwa na utando huamua siku moja kumwaga maji yote, kuosha mawe na mchanga kwa sabuni, na kusuuza kichujio kwa maji ya bomba yenye klorini. Tangi linapendeza, na baada ya siku chache samaki wanakufa. Sababu ni mzunguko wa nitrojeni. Samaki hutoa amonia. Bakteria waishio kwenye kichujio, mchanga na mawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina sumu kali. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 hivi kujijenga, na usafi wa namna hiyo huwaondoa kwa saa moja.

Kwa samaki wa maziwa yetu jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa samaki wa mito ya Amazoni yenye maji ya asidi. Maji ya Ziwa Nyasa na Tanganyika ni ya alkali, na tangi lao huwekwa kwenye pH ya 8 na zaidi. Majini, amonia huwa katika hali mbili: ioni ya amoniamu, isiyo na madhara makubwa, na amonia yenyewe, ambayo ni sumu kwa mashavu ya samaki. Katika nyuzi 25 za Selsiasi na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Katika pH 8.5 ni kama asilimia 15. Uchafu ni ule ule, sumu imezidi zaidi ya mara ishirini.

Kwa hiyo jibu la udhibiti liwe hivi: futa vioo kwa sifongo safi isiyo na sabuni, punguza chakula, na badilisha takriban robo ya maji kila wiki kwa maji yaliyokwisha kuondolewa klorini. Sponji ya kichujio isuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lile lile. Kisha subiri. Utando ukiendelea baada ya miezi kadhaa, chunguza silika katika maji unayoyatumia, wala usikimbilie taa.

Rangi ya taa nayo ina uzito wake, ingawa huulizwa mara chache. Katika visiwa vya miamba vya Ghuba ya Mwanza wapo furu wawili wanaofanana: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu, na Pundamilia nyererei, dume jekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba majike huchagua madume kwa rangi, na kwamba chini ya mwanga wa rangi moja ya chungwa uchaguzi huo hupotea. Ziwani, uchafuzi unaoyatia maji ukungu huleta matokeo ya aina hiyo, na spishi huchanganyika. Tumia taa nyeupe.

Swali la mazoezi. Matangi A na B yana maji, mawe na samaki wa aina na idadi moja. A huwashiwa taa saa 6 kwa siku, B saa 12. Baada ya wiki nne A lina utando wa kahawia; B lina utando wa kahawia kama ule, pamoja na mabaka ya kijani. Eleza matokeo, na upendekeze jaribio la kuyathibitisha.

Jibu. Daiatomu zimeota sawasawa katika matangi yote mawili, hivyo mwanga haukuwa kigezo kikomo kwazo hata kwa saa 6. Kwa mwani wa kijani mwanga ndio uliokuwa kikomo katika A. Kwangua utando wa kila tangi, uchemshe katika alkoholi kwenye bakuli la maji ya moto ili kuondoa rangi, kisha tia iodini. Sampuli ya B itaonyesha buluu-nyeusi, kwa kuwa mwani wa kijani huhifadhi wanga. Ya A haitaonyesha. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "B lina mwanga mwingi kwa hiyo lina mwani mwingi" ameeleza nusu ya matokeo, na utando wa kahawia uliolingana ameuacha bila maelezo.