Usukani unaocheza: kagua viungo kabla ya kukaza boksi

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara kuingia Rwanda, unaacha upande wa kushoto wa barabara na kushika kulia. Ndivyo ilivyo pia Kabanga kwa anayeingia Burundi, Katuna kwa anayetoka Uganda kwenda Kigali, na Mpondwe kwa anayevuka kwenda Kasindi, Kongo.

Kwa dereva wa gari lenye usukani wa kulia, kubadilisha upande kuna ugumu wake. Sasa ameketi upande wa ukingo wa barabara. Akitaka kulipita lori, hawezi kuona mbele mpaka asogeze gari karibu nusu nje ya mstari. Akiona gari linakuja, inabidi arudi upesi. Usukani ukiwa umelegea, mkono unageuka lakini matairi bado yanangoja. Kuchelewa huko kidogo kunatosha kuleta ajali.

Magari mengi yanayobeba maharage, vitunguu na vitenge katika njia mbovu za mipakani ni ya zamani. Tuchukue Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Ni gari gumu, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Lakini likishatembea miaka 20 au 30 kwenye mashimo, usukani huanza kucheza: dereva anazungusha huku na huku ili gari liende moja kwa moja.

Mahali ulegevu unapoanzia

Nguvu ya mkono wako haifiki kwenye tairi kwa hatua moja. Inashuka kwenye nguzo ya usukani, inapita kwenye krosi, inaingia kwenye boksi la gia ambalo mafundi huliita stelingi boksi, inatoka kwa mkono wa chuma, inasukuma fimbo zenye viungo kwenye ncha zake, yaani tairodi endi, kisha inafika kwenye kichwa cha ekseli ambapo gurudumu hugeukia. Kila mahali hapo pakilika kidogo tu, jumla yake ndiyo unayoisikia mkononi.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Juu ya boksi kuna skrubu ya kurekebisha, yenye nati ya kuifunga. Fundi mwenye haraka huikaza skrubu hiyo kwanza kwa sababu inaonekana na haihitaji kipuri. Usukani unakuwa mzito kidogo, mwenye gari anaridhika, safari inaanza. Kumbe kiungo kilicholika bado kiko palepale. Tena boksi lililokazwa kupita kiasi linabana: ukitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe, na meno ya ndani yanakwisha haraka. Ulikuwa na tatizo la kiungo kimoja, sasa unahitaji boksi zima.

Kipimo cha watu wawili

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, na uhakikishe gia haijaingia. Anza na upepo: tairi laini hulifanya gari liyumbe hata kama usukani ni mzima. Kisha mtu mmoja akae kwenye usukani, injini ikiwaka kama usukani ni wa hidroliki, auzungushe kidogo kushoto na kulia bila kuacha. Wa pili achuchumae pembeni ya tairi la mbele na kufuata kila sehemu kwa macho, kuanzia juu kwenda chini.

Kama nguzo inazunguka na upande wa pili wa krosi haufuati, ugonjwa uko kwenye krosi. Kama boksi lenyewe linasogea kwenye chesisi, bolti zake zimelegea au chesisi imepasuka. Kama fimbo inapanda na kushuka kabla ya kusukuma, tairodi endi imekwisha. Kama nguzo inageuka na mkono unaotoka kwenye boksi hautikisiki, hapo sasa boksi ndilo la kulaumiwa.

Baadaye zima injini, inua tairi moja kwa jeki na uweke stendi imara chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu ndizo zimelegea. Ukibaki, ni beringi za juu na chini za kichwa cha ekseli. Hizi zikilika, gari linaweza kutetemeka vibaya linapopiga shimo.

Wapo wanaotibu mtetemo huo kwa kununua dampa mpya ya usukani. Dampa hutuliza mtetemo kwa muda, ila haiondoi ulegevu. Inaficha tu dalili.

Kuchomelea ni hatari

Tairodi endi iliyolika hubadilishwa. Haigongwi ili ibane, wala haichomelewi. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma, na kiungo cha usukani kikikatika hakuna dereva hodari atakayelirudisha gari barabarani. Kipuri kipya kikifungwa, hakikisha nati yake imewekewa pini ya kuzuia isifunguke, kisha peleka gari likapimwe mwelekeo wa matairi. Usipofanya hivyo, tairi mpya zitaliwa upande mmoja.

Mambo yote hayo yakiwa sawa na bado usukani unacheza, ndipo skrubu ya boksi iguswe: matairi yakiwa yamenyooka mbele, kwa kuizungusha kidogo kidogo, na kujaribu baada ya kila mguso. Boksi zima huwa na mchezo mdogo kwa asili yake. Usitafute kuumaliza wote.

Mzigo nao una sehemu yake

Gunia likirundikwa nyuma ya ekseli, pua ya gari inainuka na matairi ya mbele yanakosa uzito wa kushika barabara. Usukani unakuwa mwepesi na gari linaelea. Panga mizigo mizito karibu na kibanda cha dereva, miepesi nyuma.

Kwa wewe unayekodi gari, usilipe kabla ya kuliona. Mwombe dereva azungushe usukani huku ukitazama matairi ya mbele. Ukizunguka sana kabla ya tairi kuanza kugeuka, uliza kwa nini. Kipimo hicho kinachukua dakika chache kabla ya kupakia, na kinalinda mzigo wako, dereva, na watu wanaotembea kando ya barabara ng'ambo ya mpaka.