Mjumbe wa watu akishitakiwa: watu wafanye nini?

Katika inchi nyingi habari hii inarudi mara kwa mara: mjumbe fulani wa Baraza ameshitakiwa kwa mwenendo mbaya. Amekula rushwa, amejenga nyumba kwa feza isiyo yake, amevunja kanuni za Baraza. Mara moja watu wanagawanyika. Hawa wanasema: «Afungwe leo!» Wale wanasema: «Ni wivu wa adui zake.» Wengine wanainua mabega na kusema: «Wote ni mamoja.» Na mara nyingi wanakuja kumwuliza padri au katekista: «Wewe unasema nini?»

Kusudi tujibu vema, tuangalie mambo yaliyotokea kweli, mahali ambapo mashitaki yalifika mwisho na kila hatua inajulikana. Tutatwaa mifano miwili ya Marekani. Tukumbuke kwanza kwamba Marekani ni majimbo 50 yaliyoungana. Kila jimbo lina sheria zake, gavana wake na Baraza lake, kando ya Baraza kubwa la inchi yote lililo Washington. Nasi Kongo, tangu mwaka 2015, tuna provinsi 26, kila moja na Baraza lake. Lakini jimbo la Marekani lina uwezo mwingi kuliko provinsi.

1. Mambo ya Ohio

Katika jimbo la Ohio, Baraza la wajumbe lina watu 99. Mwezi wa kwanza wa 2019 walimchagua Larry Householder, wa chama cha Republican, kuwa prezidenti wa Baraza. Katika mwaka ule ule Baraza lilipitisha sheria iliyoitwa House Bill 6, naye gavana akaitia mkono mwezi wa saba. Kwa sheria hiyo, kila mtu anayelipia umeme alipaswa kuongeza kidogo juu ya malipo yake ya kila mwezi, ili kuokoa mitambo miwili ya umeme wa nguvu za atomi, Davis-Besse na Perry, kando ya ziwa Erie. Feza yote pamoja ingepita dolari milioni 1000.

Watu wengi hawakupendezwa. Sheria ya Ohio inawaruhusu raia kukusanya sahihi ili sheria mpya ipigiwe kura na watu wote. Basi wakaanza kukusanya. Lakini matangazo yakatokea katika redio na televisheni, yakiwaonya watu kwamba Wachina wanataka kushika umeme wa Ohio. Tena watu walilipwa ili kuwasumbua wale waliokusanya sahihi. Mwezi wa kumi siku zikaisha, na sahihi hazikutosha. Sheria ikabaki.

Tarehe 21 ya mwezi wa saba 2020 polisi wa serikali kuu walimkamata Householder pamoja na watu wengine wanne. Shitaki lilikuwa hili: kompanyi ya umeme FirstEnergy na wenzake walikuwa wametoa karibu dolari milioni 60 kwa siri, kwa njia ya shirika lililoitwa Generation Now. Feza hiyo ilimsaidia kupata kiti cha prezidenti, kupitisha sheria ile na kuilinda wakati wa sahihi. Sehemu nyingine ililipa madeni yake mwenyewe na matengenezo ya nyumba yake ya Florida. Siku tisa baadaye, wajumbe 90 walipiga kura kumwondoa katika kiti cha prezidenti, wala hakuna hata mmoja aliyekataa.

2. Watu wa kwake walimrudisha

Hapa ndipo penye fundisho. Householder aliacha kiti cha prezidenti, lakini hakuacha ujumbe. Mwezi wa kumi na moja 2020, akiwa bado anangoja hukumu, watu wa wilaya yake walipiga kura, naye akashinda kwa kura nyingi.

Namna gani watu wanamrudisha mtu aliyeshitakiwa hivyo? Tusiwaite wajinga upesi. Sababu ya kwanza ni ya sheria yenyewe: wakati alipokamatwa, siku za kuandikisha wagombea zilikuwa zimekwisha pita. Jina lake lilikuwa peke yake katika karatasi. Aliyetaka mtu mwingine alipaswa kuandika jina la huyo kwa mkono wake. Sababu ya pili inajulikana kila mahali: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu wa kwetu, hata akisemwa vibaya, anaonekana afazali kuliko mgeni. Ya tatu ni haki kabisa: alikuwa ameshitakiwa, hakuwa amehukumiwa.

Mwaka uliofuata wajumbe wawili wa chama chake mwenyewe waliomba afukuzwe. Yeye akajitetea mbele ya wenzake: sijahukumiwa na tribinali yoyote, watu wangu walijua mashitaki, nao walinichagua, ninyi ni nani hata mtengue kura yao? Tarehe 16 ya mwezi wa sita 2021 Baraza lilipiga kura. Sheria kubwa ya Ohio inataka theluthi mbili, ndiyo watu 66. Waliotaka afukuzwe walikuwa 75, waliokataa 21. Tangu mwaka 1857 Baraza lile halikuwa limemfukuza mjumbe hata mmoja.

Mwezi wa saba wa mwaka ule kompanyi FirstEnergy yenyewe ilikiri kazi yake katika mambo hayo, ikakubali kulipa dolari milioni 230. Mwezi wa tatu 2023, wazee wa tribinali walimwona Householder kuwa na hatia. Na mwezi wa sita akapewa kifungo cha miaka 20. Malipo kwa ajili ya mitambo ya atomi yalikuwa yamefutwa tangu 2021, lakini sehemu nyingine ya sheria ile, iliyosaidia mitambo miwili ya makaa ya mawe, iliendelea kulipwa na raia mpaka ilipofutwa mwaka 2025. Tuangalie hesabu hiyo: mwizi alikuwa amekwisha fungwa, lakini maskini alikuwa analipa bado.

3. Je, kura inafuta kosa?

Neno la Householder lina nguvu, na mseminari afanye vema kulipima. Ni kweli, mjumbe ni wa watu. Lakini kura inajibu ulizo moja tu: «Nani atusemee?» Haijibu ulizo jingine: «Je, mtu huyu alikula rushwa?» Kwa ulizo hili la pili, watu hawana vitabu vya banki, hawana mashahidi, hawana nafasi ya kusikia pande mbili. Hiyo ni kazi ya juji. Tena aliyeuza sheria ya jimbo zima hakuwakosea watu wa wilaya yake tu. Aliwakosea wote wanaolipia umeme. Wilaya moja haiwezi kusamehe deni la majirani.

Kuna ulizo la tatu, nalo ni la Baraza: «Je, mtu huyu anafaa kukaa kati yetu?» Baraza halihitaji kungoja kifungo, lakini lazima litoe sababu zake waziwazi, nalo limsikilize mwenyewe. Basi tusichanganye watu, tribinali na Baraza. Kila mmoja ana kazi yake.

4. Mfano wa kinyume: Tennessee

Lakini je, Baraza halikosi kamwe? Linakosa. Tarehe 27 ya mwezi wa tatu 2023, katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, mtu mwenye bunduki aliua watoto watatu na wakubwa watatu katika shule ya Wakristu. Siku chache baadaye wajumbe watatu, Justin Jones, Justin Pearson na Gloria Johnson, walisimama mbele katika Baraza bila ruhusa, wakidai sheria kali juu ya bunduki, na kazi ya Baraza ikasimama. Walishitakiwa kwamba wamevunja kanuni. Tarehe 6 ya mwezi wa nne Jones na Pearson walifukuzwa. Bibi Johnson aliokoka kwa kura moja. Wale wawili ni vijana weusi, yeye ni mama mweupe. Na mara moja watu wengi waliuliza kama rangi haikupiga kura pia.

Raia walikasirika, walijaza njia na nyumba ya Baraza. Sheria inaruhusu wakubwa wa mahali kuweka mtu katika kiti kitupu mpaka uchaguzi. Katika muda wa juma moja, washauri wa Nashville walimrudisha Jones kwa kura 36, bila mtu kukataa. Na wale wa wilaya ya Shelby wakamrudisha Pearson kwa kura 7. Mwezi wa nane raia wenyewe wakawachagua tena.

Kosa lao lilikuwa la kanuni, na azabu ilikuwa kubwa kuliko kosa. Hapo kura ya watu ilisahihisha Baraza. Kumbe sheria za Ohio na za Tennessee zinakubaliana katika neno moja: Baraza haliwezi kumfukuza mjumbe mara ya pili kwa sababu ile ile. Watu wakimrudisha, neno la Baraza limekwisha. Kwa hiyo hasira ya watu si kelele tu. Katika sheria ina uzito wake, na kitu chenye uzito kinahitaji akili.

5. Tushike nini?

Kwanza, tutenge shitaki na hukumu. Mithali inasema: Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mithali hiyo inafaa kumwamsha mlinzi, haifai kumwongoza juji.

Pili, tuulize kosa ni la namna gani. Kuvunja kanuni ya kusema si sawa na kuuza sheria. Aliyepiga kelele Barazani na aliyepokea feza kwa siri wasitiwe katika mfuko mmoja.

Tatu, tuulize feza imetoka wapi na nani anafaidika. Wale wa Ohio walioogopeshwa na habari za Wachina hawakuambiwa nani aliyelipia tangazo. Mkono mtupu haulambwi. Basi mkono unaolambwa sana, tuuangalie kama una kitu.

Nne, tumpime mtu wa kwetu kwa kipimo kile kile cha mtu wa kabila au chama kingine. Katika Ohio wajumbe wa chama chake mwenyewe ndio waliosimama. Hilo ni gumu, na kwa hiyo ni la heshima.

Tano, tusiseme: «Wote ni mamoja.» Neno hilo linaonekana kuwa la hekima, lakini linamfurahisha mwizi kuliko mtu yeyote. Kama wote ni mamoja, hakuna sababu ya kumfuata yeye.

Basi, katekista akiulizwa kijijini juu ya mjumbe aliyeshitakiwa, asichukue upande kabla ya kusikia. Awaulize watu maneno matatu: ameshitakiwa kwa nini hasa? Nani ameonyesha ushuhuda? Yeye mwenyewe amejibu nini? Wakikosa jibu, wangoje. Wakilipata, waseme kweli bila woga, na siku ya kura wasisahau.