Paa la Asbestosi: Mchague Fundi kwa Uangalifu

Wakulima wengi katika mashamba ya makazi wamerithi nyumba au stoo iliyoezekwa zamani kwa asbestosi. Kenya ilipiga marufuku vifaa hivyo mwaka 2006. Asbestosi ikikatwa, ikitobolewa au ikivunjwa, hutoa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo huingia mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwamo, huweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi.

Kwa hiyo usimwite fundi yeyote kwa sababu bei yake ni nafuu. Kabla ya kupatana naye, mwulize maswali haya:

1. Je, anayo leseni ya NEMA ya kuchukua taka za hatari? Akuonyeshe, nawe utazame tarehe yake.

2. Atafanyaje kazi? Fundi wa kweli atalowesha paa kwa maji kwanza, na kuteremsha vipande vizima bila kuvivunja. Wafanyakazi wake watavaa vifuniko vya pua vinavyozuia nyuzi hizo. Kitambaa hakitoshi.

3. Atavipeleka wapi? Ni lazima vifungwe katika karatasi nzito ya plastiki, vikazikwe mahali palipoidhinishwa.

Usimlipe fedha zote mpaka akuletee hati ya kuthibitisha kwamba vimefika huko.

Siku ya kazi, watoto na mifugo wakae mbali. Vipande vilivyobaki usiezekee banda la kuku, wala usifagie vumbi likiwa kavu. Kumbuka, rahisi ghali.